Kukagua Marekebisho ya Msimbo Unaopachika Programu Zilizofungiwa

Ndugu zangu, habari za jioni. Wengi hapa Mwanza mna Flatpak au Snap kwenye laptopu, mifumo ya Linux inayoendesha programu ndani ya boksi lililofungiwa, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye kazi: mtu kaleta marekebisho ya msimbo unaoipachikia programu mafaili yake (mount), yaani unaoyafanya yaonekane ndani ya boksi, na wewe ndiye wa kuyapitisha au kuyarudisha.

Marekebisho ya kuogopa ni yale yanayofupisha. Mfano, mount(), amri ya kupachika, inaitwa mara mbili kwa folda ileile: kwanza na MS_BIND (pachika folda hii pengine), kisha na MS_BIND, MS_REMOUNT (badilisha masharti ya pachiko lililopo) na MS_RDONLY (kusomwa tu). Mleta marekebisho anaziunganisha ziwe moja. Keneli, kiini cha Linux, hailalamiki. Inafuata MS_BIND, inaipuuza MS_RDONLY, inarudisha sifuri, ishara ya kufaulu, na folda uliyodhani ni ya kusomwa tu inaandikika. Kwa hiyo jaribio lisiridhike na sifuri; lijaribu kuandika faili humo, lipate EROFS, kosa la “hapa ni kusoma tu”.

Tena hiyo MS_REMOUNT haishuki kwenye mapachiko yaliyo ndani ya folda. Flashi iliyopachikwa ndani ya folda hiyo inabaki inaandikika. Inabidi usome /proc/self/mountinfo, orodha ya mapachiko, na kurudia kwa kila pachiko, ukibakiza alama za usalama nosuid na nodev zilizokuwepo. Ukizisahau, mtumiaji asiye root (msimamizi wa mfumo) anaambulia EPERM, yaani hana ruhusa. Linux 5.12, ya 2021, ilileta amri mount_setattr() yenye AT_RECURSIVE, inayomaliza yote kwa mkupuo. Anayeitumia abakize na njia ya zamani, keneli za nyuma bado zipo mtaani.

Mountinfo nayo ina mtego. Flashi ikiitwa “Picha Mwaloni”, ile nafasi katikati inaandikwa \040. Msimbo usioirudisha kuwa nafasi hautalitambua pachiko hilo, utaliruka kimyakimya. Majina ya majaribio yasiwe “test1” tu!

Mleta marekebisho akibadilisha MS_SLAVE (mapachiko yakibadilika nje, yanabadilika na ndani ya boksi) kuwa MS_PRIVATE (hayabadiliki), muulize sababu. Flashi ukiiondoa huku nje, ndani ya boksi itabaki imeshikiliwa, na ukitaka kuifomati unaambiwa inatumika.

Sasa viungo vya mkato (symlink), yaani majina yanayoelekeza kwenye faili au folda nyingine, na hapa msiwe na haraka. Dosari ya usalama ya Flatpak ya 2024, iliyosajiliwa kama CVE-2024-42472, ilihusu folda za kudumu za programu. Programu yenye nia mbaya iliweza kuiondoa folda yake na kuweka kiungo kinachoelekea kwingine. Ikifunguliwa tena, panapachikwa huko kwingine, nje ya mipaka yake. Atakuja mtu na lstat(), amri ya kuangalia kama jina ni kiungo: “Nimeangalia, si kiungo.” Haisaidii, maana kati ya kuangalia na kupachika kuna upenyo wa kubadilisha. Folda ifunguliwe kwanza kwa O_PATH (ishike tu, bila kuisoma) na O_NOFOLLOW (usifuate kiungo), kisha kinachopachikwa kiwe kile kilichofunguliwa, si jina lake. Ndiyo maana bubblewrap 0.10.0, programu inayoijengea Flatpak boksi, iliongeza --bind-fd, inayopachika kilichokwisha kufunguliwa. Na O_NOFOLLOW hulinda kipande cha mwisho cha njia tu. Vya kabla yake vinahitaji amri openat2() na RESOLVE_NO_SYMLINKS (kataa kiungo popote njiani), au kufungua hatua kwa hatua kwa openat().

Hata marekebisho ya mistari 4, kama hayana jaribio linaloweka kiungo makusudi, yarudishe kwa mwenyewe.