Jasho lisilokauka

Ndugu zangu, karibuni, na poleni kwa fukuto. Hapa mezani nina vipimajoto viwili, pacha kabisa. Kimoja kikavu. Cha pili nimekifunga kitambaa cha pamba kilicholowa, na feni inavipulizia vyote. Mama uliyekaa mbele, hebu tusomee. Kikavu? Nyuzi 32. Chenye kitambaa? 27. Asante mama.

Nyuzi 5 hizo ndizo zimenileta. Maji yakikauka kwenye kitambaa huondoka na joto, na jasho hufanya kazi hiyohiyo. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini hubeba takriban kilojuli 2,400. Lakini ikauke! Jasho linalodondoka sakafuni limekumalizia maji na chumvi bure.

Tuvihamishie Dodoma siku ya kiangazi. Kikavu kisome 32 ileile, ila unyevu wa hewa uwe asilimia 30 badala ya 70 ya humu ndani. Chenye kitambaa kitashuka hadi karibu 20. Ndiyo maana mgeni kutoka Dodoma akishuka Dar es Salaam mwezi wa pili anabadilisha shati mara tatu na kuapa kwamba huku joto limezidi, hata kama redio imetangaza nyuzi zilezile. Hadanganyi. Muulizeni mtungi: kule maji yake yanauma meno, huku pwani yanapoa kidogo tu. Mtungi nao hutoka jasho.

Mwaka 2010 watafiti walikokotoa kwamba kipimajoto cha kitambaa kikifika 35, hata kijana mwenye afya hawezi kustahimili kwa saa nyingi, akiwa kivulini na maji mkononi. Ngozi yenyewe ina nyuzi karibu 35, basi joto la ndani litokee wapi? Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022 huko Pennsylvania, Marekani, yakaonyesha kuwa penye unyevu mwingi vijana wenye afya, wakifanya kazi nyepesi tu, mwili huanza kushindwa karibu na 31. Wazee wetu, mapema zaidi.

Na feni? Haipoozi hewa. Inafukuza ile iliyoganda kwenye ngozi, iliyokwisha kushiba unyevu, ili jasho lipate pa kwenda. Ukiiacha izunguke sebuleni hakuna mtu, unapoza nini? Kochi halitoki jasho.

Ile ya kule nyuma naona inapulizia ukuta. Kijana, igeuzie kwa watu, kisha tuanze maswali.