Namba Isiyokaa Sawa: Christian de Duve na Ini la Panya

Haya, tukae. Wale waliowahi kunisikia wanajua ninakoelekea, wanaruhusiwa kusinzia. Nitayarudia, maana kila mwaka napokea daftari za maabara zilizo safi mno. Namba zote zimejipanga vizuri, na ile iliyokataa kujipanga imefutwa, au haikuandikwa kabisa.

Mwaka 1949 de Duve, Mbelgiji, alikuwa Leuven akihangaika na insulini: inafanyaje kazi kwenye ini? Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) alichokifuata ni glukosi-6-fosfatasi, kile kinacholiwezesha ini kuachia sukari iingie kwenye damu. Pembeni, kwa kulinganisha tu, yeye na wenzake wakawa wanapima kimeng'enya kingine, fosfatasi ya asidi. Shikeni hilo: pembeni.

Mwanzoni walisaga ini la panya kwa blenda. Kisha wakabadili, wakalisaga taratibu kwa mchi ndani ya bomba la kioo, ili wakizungusha rojo kwenye mashine vipande vya seli vitengane kwa uzito bila kuvunjika. Fosfatasi ya asidi ikaporomoka. Walipata kama sehemu moja ya kumi ya ile waliyoizoea kwenye blenda.

Mwanafunzi wangu angefanya nini? Namjua. Angesema sampuli imeharibika, angemwaga, angeanza upya. Na kwa kuwa kimeng'enya chenyewe si cha mada, kwenye ripoti kisingeonekana. De Duve na wenzake waliziacha sampuli zilezile kwenye friji, na siku tano baadaye wakapima tena. Namba ikapanda hadi pale ilipotakiwa kuwa. Jamani, kimeng'enya kikikaa huchakaa! Hiki kimelala friji kikaamka na nguvu.

Maelezo yake mnayajua. Kimeng'enya kilikuwemo tangu mwanzo, kimefungiwa ndani ya vifuko vyenye utando, na kemikali ya kupimia haikuweza kukifikia. Blenda ilivipasua vifuko, mchi ukaviacha vizima, na kukaa kukavilegeza. Kufikia 1955 walikuwa na vimeng'enya vitano vyenye tabia hiyohiyo, vyote vya kumeng'enya, vyote vinapenda asidi, na vifuko vikaitwa lisosomu. Hapo hakuna aliyekuwa amevitambua kwa macho! Ni mwaka huohuo Alex Novikoff alipotoka Marekani akaenda Leuven, akavipiga picha kwa darubini ya elektroni.

Naona mtu anatabasamu pale nyuma: "Bahati hiyo, mwalimu." Bahati ipi? Friji kila maabara inayo, na sampuli zilizosahaulika humo mnazo nyingi kuliko de Duve. Bila ile namba mbaya ya kwanza kuandikwa, ya pili ingelinganishwa na nini?

Mwingine ataniuliza mgonjwa amefaidika nini. Sawa. Mwaka 1963 mwenzake wa hapohapo Leuven, Henri-Géry Hers, alionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa wa Pompe, wale ambao moyo unatanuka na misuli inalegea, wanakosa kimeng'enya kimoja cha lisosomu, ndiyo maana glaikojeni, sukari ya akiba ya mwili, inajazana humo bila kuvunjwa. Dawa ya kukirudisha kimeng'enya hicho iliidhinishwa 2006. Hesabuni kutoka 1949: miaka 57. Sasa jazeni hiyo kwenye fomu ya ruzuku, pale wanapotaka "matokeo yanayotarajiwa ndani ya miezi 24". Mimi nimeshagombana na fomu hizo hadi nikachoka, sitarudia leo.

Na klorokwini, dawa ya malaria, ile chungu iliyotuwasha mwili mzima utotoni? Nayo hujilimbikiza penye asidi, lisosomu zikiwemo. De Duve aliandika juu ya dawa za tabia hiyo mwaka 1974, mwaka uleule alioshiriki Tuzo ya Nobel na Albert Claude na George Palade. Insulini aliiacha njiani.

Nilikusudia kuwaeleza peroksisomu, vifuko vingine vya seli, ambazo nazo zilipatikana kwa kufuata kimeng'enya kilichokataa kukaa na wenzake, na jinsi seli inavyojila yenyewe, jambo ambalo jina lake la kitaalamu alilitoa yeye. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu. Maswali basi. Na anayetaka kuuliza kama haya yatatoka kwenye mtihani, ashushe mkono: yatatoka.