Mbuzi hii, si mbuzi huyu

Mabibi na mabwana, vijana wangu, asanteni kwa kuja. Hii iliyo mezani kila mtu anaijua: mbuzi ya kukunia nazi. Nimeiazima kwa dada yangu, na ameshaniambia nisipoirudisha kabla ya magharibi, leo tunakula wali wa mafuta.

Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu, "Kesho tunachora mbuzi." Mmoja akaja keshaanza: pembe, ndevu, miguu minne. Tulicheka sana. Lakini hata nilipowawekea hii mbele yao, kosa lilikuwa lile lile, limejificha tu. Hiki chuma chenye meno kilikuwa kimewaelekea wao. Ukikitazama kutoka mbele hivi, hakizidi upana wa vidole viwili. Wao wakakichora kirefu, kimechomoza kama shingo ya bata. Wanajua ni kirefu, basi wakachora wanachokijua. Macho hayakuulizwa.

Ndiyo maana mtu akiniambia, "Mwalimu, mimi sina mkono wa kuchora," simkubalii. Mkono unaoandika jina lako likasomeka unatosha.

Kulikuwa na Mjerumani mmoja, Albrecht Dürer, wa mji wa Nuremberg. Mwaka 1502 alichora sungura kwa rangi za maji. Manyoya yanakwenda huku na huku, na ndani ya jicho utaona mwanga wa dirisha. Mwaka 1515 kifaru kutoka India aliteremshwa Lisbon, zawadi kwa mfalme wa Ureno. Dürer hakumwona. Alipata maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akachora picha ya kuchongwa kwenye ubao wa kuchapia. Kifaru wake amevaa ngozi kama deraya za askari, miguu ina magamba, na mgongoni, karibu na shingo, kaota kipembe cha pili kisichokuwapo. Picha ile ilinakiliwa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mkono ni ule ule uliochora sungura! Hapa jicho halikuwapo.

Sasa turudi kwenye mbuzi yetu. Shika penseli, nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja. Ncha ya penseli iweke usawa wa juu ya kibao, kidole gumba kishuke mpaka chini ya mguu. Umepata kimo. Geuza penseli ilale, uone kimo hicho kinaingia mara ngapi kwenye upana. Kutoka hapa nilipo, mara moja na nusu. Wewe uliye pembeni utapata jibu jingine, na lako ni sahihi kwako. Ila kiwiko kisikunjike. Kikikunjika, penseli imesogea karibu na jicho, na kipimo cha mwanzo hakifai tena.

Halafu miguu. Hii imepishana kama mkasi, na hapo ndipo wengi hulia. Mimi nawaambia: achaneni na miguu, choreni mapengo. Tazama kati ya miguu, chini ya kibao: pana pembetatu ya hewa. Pembetatu haina jina la kukudanganya, kwa hiyo utaiona ilivyo, imelala upande, pembe moja kali kuliko nyingine. Ukizipata pembetatu mbili tatu za namna hiyo, miguu itakuwa imejichora yenyewe.

Ugonjwa huu uko hata usoni. Karibu kila anayeanza huyaweka macho juu mno, karibu na nywele. Jipime kwenye kioo: macho yako katikati ya kichwa.

Asije mtu akasema namdharau Edward Saidi Tingatinga na wachoraji wenzake wa Dar es Salaam. Wale hawakuwa wakipima chui; walikuwa wanamtunga, na kutunga ni kazi nyingine yenye heshima yake. Tulichokuja kufanya leo ni kutazama.

Basi, karatasi mnazo. Mbuzi naiweka hapa, chuma kikielekea dirishani. Mna nusu saa. Raba zote nipeni mimi. Mstari uliokosea uacheni pale pale, mchore mwingine kando yake, maana huo wa kwanza ndio utakaokuonyesha umepotoka kiasi gani. Na wewe kijana wa nyuma, nimekuona, hiyo ya mfukoni pia.