Namna ya Kumtazama Dubu Katika Misitu ya Mashariki mwa Ufini

Ndugu mtazamaji, katika video hii tutafuata hatua za kumtazama dubu wa kahawia katika misitu ya Kuhmo, mashariki mwa Ufini, karibu na mpaka wa Urusi. Ikiwa umezoea kuzunguka na gari Serengeti au Maasai Mara, huna budi kubadili mwenendo, kwa maana hapa mnyama hafuatwi: unaingia katika kibanda cha mbao kilichojengwa ukingoni mwa kinamasi, unakaa humo usiku kucha, na yeye ndiye anayekuja.

Kwanza, chagua majira. Dubu hulala mashimoni kipindi chote cha theluji na huanza kutoka mwezi wa Aprili. Ningekushauri uende Juni au Julai, wakati jua linapozama kwa muda mfupi tu na usiku usipofikia giza kamili, ingawa hiyo ndiyo miezi ya mbu.

Pili, jiandae kabla ya kuondoka nyumba ya wageni. Dubu hutegemea pua kuliko macho, kwa hiyo usijipulizie manukato. Vaa nguo za sufu, kwa sababu koti la nailoni huchakarisha kila unapoinua mkono. Zima simu kabisa, wala usiiache ikiwaka mwanga, kisha ufuatane na mwongozaji hadi kibandani wakati wa alasiri.

Tatu, panga vifaa mapema. Pitisha lenzi kwenye tundu lenye kitambaa, kama unavyoona hapa, na uilaze juu ya mfuko wa mchele ili isitikisike. Zima taa ya mwako (flashi) ya kamera na sauti zake zote. Manyoya ya dubu yana rangi iliyokoza, na msitu nyuma yake ni wa giza vilevile. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe itaongeza mwanga mno na manyoya yatapauka, hivyo punguza mwanga kidogo kwa mkono.

Nne, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, soma dalili. Waongozaji huweka mizoga au mabaki ya samaki mbele ya vibanda, jambo ambalo binafsi silipendi sana, lakini bila chambo ungeweza kukaa wiki nzima usione hata unyoya. Kunguru wakubwa ndio hutangulia kula. Wakiruka wote kwa ghafla, tazama ukingo wa miti. Ukiona watoto wa dubu wanapanda msonobari mbio, usiwakazie macho wao tu, kwa sababu huenda dume kubwa linakaribia, na madume huua watoto. Akitokea mnyama mfupi mweusi, mwenye mistari hafifu ubavuni na mwendo wa kurukaruka, huyo ni ahma, kama Wafini wanavyomwita (kwa Kiingereza wolverine). Mpige picha upesi, kwani hunyakua nyama na kwenda kuificha mbali.

Tano, usifungue mlango usiku kwa sababu yoyote ile. Haja zako zina ndoo yake pembeni, na chakula kisicho na harufu kali kinaliwa humohumo. Asubuhi msubiri mwongozaji, au toka saa mliyokubaliana naye, kisha mrudi pamoja mkizungumza kwa sauti ya kawaida njia nzima, ili dubu aliyebaki karibu awasikie mapema na kujiondokea.