Hamri Likimegwa Ni Mangapi?

BAKARI: Asalaam aleikum wasikilizaji. Mwenzangu leo kaja na karatasi, mtaniombea.

ZUHURA: Waaleikum salaam. Ina mambo matano ya kumfunza mtoto kuhesabu vitu vichache, na leo nitayasema yote. Usinipotezee wakati, Baba Mwanasha.

BAKARI: Kabla ya karatasi, nna langu. Jumamosi nimeaibika mbele ya mamamkwe.

ZUHURA: Tena?

BAKARI: Si mwajua Mwanasha wangu, miaka mitatu na nusu, ahesabu mpaka ishirini? Nimemfunza mwenyewe kwenye feri ya Likoni. Kila tukivuka: moja, mbili, tatu, mpaka ng'ambo. Basi nikamwambia, mhesabie bibi. Akaenda mpaka ishirini, safi kabisa! Bibi yake akafurahi, akamwambia, haya mjukuu wangu, niletee mahamri matatu.

ZUHURA: Eeh?

BAKARI: Kaleta bakuli zima.

ZUHURA: (kicheko) Maskini!

BAKARI: Ngoja. Bibi akamuuliza, haya ni mangapi? Akayahesabu kwa kidole, moja mpaka nane. Sawasawa, ni manane kweli. Kwa hivyo ni mangapi, mama? Akaanza upya, moja, mbili... Mara tatu! Mamamkwe hakusema neno, kanitazama mimi tu.

ZUHURA: Mamamkwe wako kafanya mtihani wa watu wa chuo kikuu bila kujua. Kuna mtaalamu, Karen Wynn, mwaka 1990 aliandika juu ya watoto wa umri huohuo. Waambie "nipe vitatu", mtoto aimbaye namba vizuri akuchotea konzi. Hajui bado kwamba neno la mwisho alilotamka ndiyo idadi ya vyote. Kwanza hujua moja, ikapita miezi akajua mbili, kisha tatu. Na hilo ndilo jambo la kwanza kwenye karatasi ya...

BAKARI: Sijamaliza. Bibi akapunguza, akasema basi niletee mawili. Mwanasha akachukua hamri moja, akalimega katikati, akampa. "Haya bibi, mawili."

ZUHURA: Ah, huyo mtoto nampenda.

BAKARI: Sasa nyumba imegawanyika. Mke wangu asema ni mawili, mtoto asionewe. Mamamkwe asema ni moja na litabaki moja. Mimi nimenyamaza, nataka chakula cha jioni.

ZUHURA: Kwake yeye ni mawili. Watoto wa miaka mitatu, minne, ukiwapa uma za kulia zilizo nzima na moja iliyovunjika, uwaulize ziko ngapi, kila kipande wakihesabu kuwa ni uma. Wao huhesabu kilichotengana.

BAKARI: Basi ukienda sokoni Mwembe Tayari, ulipe mahamri mawili, muuzaji akumegee moja, utanyamaza?

ZUHURA: Mimi si mtoto wa miaka mitatu.

BAKARI: Na sambusa iliyokatwa?

ZUHURA: Bakari.

BAKARI: Na mbaazi je? Mbaazi ikivurugika kwenye tui, yahesabiwa?

ZUHURA: Hakuna ahesabuye mbaazi! Karatasi yangu. Huo wimbo wa ishirini uuache kwanza. Mtoto aanze na kimoja, viwili, vitatu. Vitatu jicho lavitambua bila hata kuhesabu. Nenda barazani kwenye dhumna, mzee hahesabu nukta, aona tu sura ya tano akapiga meza.

BAKARI: Mzee huyo kacheza miaka arobaini! Hapo sikubali, mwalimu. Asiyejua majina ya namba atahesabu na nini? Chuoni tulisoma alifu, be, te, tukipiga kelele, herufi hatuzijui hata moja. Zikaingia baadaye.

ZUHURA: Alifu haina idadi ndani yake. Tatu inayo. Na kosa lako jingine, wewe wamfunza "mbili" ya hewani, halafu wamuomba mahamri "mawili". Funza na kitu chenyewe: hamri moja, mahamri mawili, viatu viwili, paka wawili.

BAKARI: Hapo ndipo utamchanganya! Mbili, mawili, viwili, wawili, neno moja sura nne. Kisha afike sita, saba, zisibadilike kwa sababu zatoka Kiarabu. Umueleze hilo mtoto wa miaka mitatu?

ZUHURA: Hahitaji kuelezwa. Mwanasha ashawahi kukwambia "viatu mbili"?

BAKARI: ...Hapana.

ZUHURA: Basi lugha anayo, wewe ndiye uliyemvua.

BAKARI: Kusema viatu viwili si kuhesabu. Mimi wimbo siuachi. Siku atakapoelewa, maneno yote ishirini yatakuwa tayari yamngoja.

ZUHURA: Na mpaka siku hiyo atakuletea bakuli zima.

BAKARI: Alete, mahamri ni yetu.

ZUHURA: Darasani nimewaona wa namna hiyo kila mwaka, Bakari. Waimba mpaka hamsini, ukimwambia chukua penseli nne apepesa macho.

BAKARI: Na mimi nimekwambia, nne itamjia. Tusigombane hewani, mamamkwe asikiliza.

ZUHURA: Asikilize, yuko upande wangu.

BAKARI: Kwenye hamri la kumegwa hayuko upande wako!

ZUHURA: Lo, dakika zimekwisha? Sijagusa hata jambo la pili! Basi niseme la kidole upesi: akigusa kitu, neno moja, akisogeze kando ili asi...

BAKARI: Adhana hiyo ya magharibi, mwalimu. Karatasi iweke ya wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki iliyopita pia ulisema hivyo. Haya, ukifika nyumbani muombe Mwanasha akuletee viatu viwili. Viwili, si mbili.

BAKARI: Nitamuomba ishirini.