Gari Jipya Huku Marekani: Chukua Usichokitaka Ndipo Upewe Unachokitaka

Ndugu zangu watazamaji, hamjambo. Wengi mmeniuliza kwa nini bado ninarekodi ndani ya gari hili kuukuu, lenye kiyoyozi kinachopiga kelele, ilhali niliahidi kuwaonyesha gari jipya. Fedha za malipo ya awali zipo, na benki imekwisha kuridhia mkopo. Kinachonikwamisha ni kwamba gari ninalolitaka halitengenezwi, ingawa kila kitu ninachokitaka kinafungwa kwenye magari ya aina hiyo hiyo, yanayotoka kwenye kiwanda hicho hicho.

Niwaeleze mahitaji yangu, nanyi mseme kama nina makuu. Ninaishi Columbus, Ohio, ambako mwezi wa Januari gari hulala nje kwenye baridi kali, kwa hiyo ninataka viti vyenye kipasha joto. Ninataka pia ile taa ndogo inayowaka kwenye kioo cha pembeni kunionya kwamba kuna gari ubavuni mwangu nisiloliona. Basi. Viti viwe vya kitambaa, na paa liwe la bati tupu, kwa sababu mimi ni mtu mrefu, na paa la kioo linalofunguka huja na reli na mota zinazoshusha dari, hata tukivuka tuta nywele zangu zinafagia juu.

Sasa sikilizeni mambo yanavyokwenda. Magari ya huku huuzwa kwa madaraja yenye majina ya herufi. Camry, kwa mfano, ina LE, SE, XLE na XSE. Ninyi mlioagiza magari kutoka Japani mnaujua utaratibu huu kwa Prado TX, TX-L na TZ-G, au kwa Premio F, X na G. Ukipanda daraja moja unapewa vyote vilivyopangwa humo, utake usitake. Kwenye gari ninaloliwania, ambalo sitalitaja jina, taa ya kwenye kioo ipo tangu daraja la pili, lakini kipasha joto cha viti kinaanza daraja la tatu, na daraja la tatu haliji bila paa la kioo, viti vya ngozi ya bandia, magurudumu makubwa ambayo tairi zake ni ghali zaidi, na spika ambazo sitazifungulia sauti hata nusu. Wazee wetu watakumbuka duka la miaka ya uhaba, ambako mwenye duka hakukubali kukupimia sukari mpaka uchukue na bidhaa iliyomdodea rafuni. Tofauti ni kwamba huku hakuna uhaba wowote, na sharti hilo limechapishwa kwenye kijitabu chenye picha nzuri.

Nilimwuliza muuzaji, kijana mwenye adabu sana, kama ninaweza kuagiza daraja la pili kisha nilipie vipasha joto peke yake. Alinitazama kwa huruma, akaniambia kwamba wao hawaagizi gari la mteja mmoja mmoja, bali hugawiwa magari yaliyokwisha kupangwa, na kwamba anachoweza kunionyesha ni orodha ya yale yaliyo njiani. Katika orodha hiyo rangi zilikuwa nyeupe, nyeusi, fedha, na kijivu cha aina mbili. Ndani yote yalikuwa meusi.

Magari yote mapya huku hubandikwa karatasi kwenye dirisha, kwa amri ya sheria ya mwaka 1958 iliyosimamiwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, na ndiyo maana hadi leo karatasi hiyo inajulikana kwa jina lake. Inaonyesha bei iliyopendekezwa na mtengenezaji, vitu vya ziada pamoja na bei zake, na gharama ya kulisafirisha gari. Ni karatasi ya haki kabisa. Shida yangu ni ile karatasi ya pili, ambayo muuzaji huibandika kando ya ile ya kwanza. Niliyoisoma mimi ilikuwa na mikeka ya miguuni, vilinda kingo za milango, nati za kuzuia wizi wa magurudumu, na tairi zilizojazwa naitrojeni. Hewa tunayoivuta bure, ndugu zangu, asilimia 78 yake ni naitrojeni. Nilipoomba vitu hivyo viondolewe, niliambiwa kwamba vimekwisha kufungwa, na kwamba magari yote yaliyomo yadi yanavyo.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu, kwa maana sababu za jambo hili zinaeleweka. Fanyeni hesabu ndogo: mteja akiachiwa vitu 10 tu vya kuchagua, kila kimoja akikubali au akikikataa, magari yanayoweza kupatikana ni ya aina 1,024, na hapo hatujagusa rangi. Aina hizo zote zinahitaji mpangilio wake wa nyaya, na vipuri vinavyofika kwa fundi kwa zamu yake bila kukosea. Madaraja manne ni nafuu kwa kiwanda, tena ni nafuu kwa muuzaji, kwa kuwa Mmarekani amezoea kununua gari lililopo yadi na kuondoka nalo siku hiyo hiyo, tofauti na Ujerumani, ambako kuagiza gari kiwandani na kulisubiri kwa miezi ni jambo la kawaida. Muuzaji anayejua kwamba hatapata mtu wa kumsubirisha huweka akiba ya kile kinachotoka haraka. Ndiyo maana ya kijivu cha aina mbili.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuwaondoa mawakala, yaani wauzaji kama yule kijana wangu wanaosimama kati ya kiwanda na mteja, ambao katika majimbo mengi hulindwa na sheria zinazowazuia watengenezaji kuuza moja kwa moja kwa mteja. Mimi siamini. Tesla haina mawakala, lakini orodha yake ya kuchagua ni fupi kuliko ya wengine wengi: rangi chache, magurudumu, rangi ya ndani, umemaliza. Tena kuna machaguo ambayo sisikitiki kuyapoteza. Tangu Mei 2018 magari madogo yote mapya yanayouzwa Marekani yanapaswa kuwa na kamera ya nyuma, na hata gari la bei ya chini kabisa limepata skrini kwa ajili hiyo. Hapo sina ugomvi na mtu, kwa sababu mtoto anayecheza nyuma ya gari haoni tofauti ya madaraja.

Kinachoniudhi ni kuona kwamba kitu kinaweza kuondolewa pale kampuni inapotaka. Mwaka 2021, wakati wa uhaba wa chipu za kielektroniki, General Motors iliondoa vipasha joto vya viti kwenye baadhi ya magari yake na kuendelea kuyauza, ambapo mwanzoni ungeambiwa kwamba haviondoleki.

Najua mtaniuliza kuhusu Prado, kwa hiyo niseme mapema. Land Cruiser 250, ambayo kwenu ndiyo Prado mpya, ilianza kuuzwa huku mwaka 2024 ikiwa na madaraja mawili ya kawaida, na moja linaitwa 1958, pamoja na toleo la uzinduzi la idadi maalumu. Injini ni moja tu, ya petroli ya lita 2.4 yenye tabo (turbo) na kusaidiwa na mota ya umeme. Ile dizeli ya lita 2.8 huku haiuzwi. Viti ni vitano kwa madaraja yote, na mwenye familia ya watu saba huelekezwa kwenye Lexus GX, ambayo ni ghali zaidi. Mwenzangu mmoja kutoka Arusha, ambaye maisha yake yote amejua Prado kuwa gari la kubeba ukoo, alifungua mlango wa nyuma na kusimama pale kwa muda akitafuta mahali safu ya tatu ilipofichwa.

Halafu ninampigia simu mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam, ninamkuta anachagua gari la mtumba kwenye mnada wa Japani akiwa amelala kitandani. Anachagua daraja, mwaka, kilomita na rangi, na karatasi ya mnada inamwonyesha kila mkwaruzo kwa herufi na tarakimu. Akikosa hili leo, wiki ijayo kuna jingine. Ana vizuizi vyake, kwa kuwa Tanzania gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na Kenya halipokelewi kabisa. Hata hivyo, yeye anayenunua lililotumika anachagua kwa upana kuliko mimi ninayenunua jipya.

Lililonimaliza nguvu ni Kanada. Kutoka hapa Columbus hadi mpakani pale Detroit ni mwendo wa saa tatu na kitu, na ukivuka mpaka utakuta magari mengi ya daraja la chini yana viti vya joto, bila paa la kioo, kwa sababu huko mteja hakubali gari lisilo navyo. Kulileta huku ni kesi nyingine: mawakala wengi wa Kanada hubanwa na mikataba ya kutowauzia gari jipya watu wanaolipeleka nje, na ukilipata, huenda udhamini wa kiwanda usivuke nawe.

Kwa hiyo nitachukua daraja la pili, jeupe, na vipasha joto nitawekewa na fundi wa viti wa mtaani. Wawili wa kwanza niliowauliza walinitajia bei papo hapo. Wa tatu aliuliza kwanza kama mfuko wa hewa wa ubavuni (airbag), ule unaofumuka gari likigongwa, umefungwa ndani ya kiti, akataka aone mchoro wa nyaya kabla hajagusa hata uzi. Huyo ndiye niliyempa kazi, ingawa bei yake ni kubwa kuliko za wenzake, na amekubali nirekodi siku atakapokifumua kiti.