Njia ya Wimbi: Kuunguza Uvimbe kwa Ultrasaundi Bila Kisu

Wazee wetu, shikamooni. Madaktari, wauguzi, wanafunzi, na ndugu zetu wote mliovumilia foleni za Dar es Salaam jioni hii mpaka mkafika, karibuni sana.

Wengi wenu mmeshatumiwa kwenye simu zile video: mama amelala kifudifudi juu ya kitanda cha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, baada ya saa chache anashuka mwenyewe, na daktari anasema fibroidi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, imeungua. Swali linalofuata huwa ni bei, na nchi gani ya kwenda. Leo naomba tutangulize swali jingine: kati ya ngozi ya mgonjwa na uvimbe wake kuna nini? Tiba hii ya kuunguza uvimbe kwa wimbi la ultrasaundi lenye nguvu kubwa, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi HIFU, hufaulu au huharibika hapo katikati. Ukichagua mgonjwa vibaya, hata mashine bora itaunguza ngozi, utumbo au neva, na uvimbe utabaki pale pale.

Wimbi lenyewe ni lile lile la ultrasaundi wanalopimwa wajawazito pale hospitali ya Amana au Mwananyamala. Tofauti ni nguvu, na jinsi nguvu hiyo inavyokusanywa. Chukua probu, yaani kifaa kinachotoa wimbi, yenye kipenyo cha sentimita 12. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 113. Ukiipa wati 100, kila sentimita ya mraba inatoa chini ya wati 1, kiasi ambacho ngozi inakimudu. Lakini uso wa probu umebonyea ndani, kwa hiyo mawimbi yote yanakwenda kukutana mahali pamoja, kwenye fokasi, penye upana wa milimita 2 hivi na urefu wa milimita 10. Ni punje ndefu ya mchele. Hata theluthi mbili za nguvu zikipotea njiani, kwenye punje hiyo tunabaki na takriban wati 1,000 kwa sentimita ya mraba.

Joto kiasi gani linaua tishu? Kipimo kinachotumika ni dakika 240 kwenye nyuzijoto 43, na kila nyuzi moja inayoongezeka juu ya hapo hupunguza muda kwa nusu. Pigeni hesabu: kwenye nyuzi 56 zinatosha chini ya sekunde 2. Kwenye nyuzi 60 ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kawaida tunalenga nyuzi 60 hadi 85. Protini zinaganda, vishipa vya damu vinaziba, na tishu inakufa pale pale ilipo. Mwili huifyonza taratibu kwa miezi.

Sasa tuangalie kina. Katika tishu laini, wimbi la megahezi 1, yaani linalotetema mara milioni moja kwa sekunde, likisafiri sentimita 10, karibu theluthi moja ya nguvu yake ndiyo hufika. Wimbi la megahezi 4 kwa safari hiyo hiyo hufikisha asilimia 1 tu. Zote nyingine zimegeuka joto njiani. Ndiyo sababu fibroidi, iliyo mbali chini ya tumbo, hupigwa kwa megahezi 1 hivi, na tezi dume, inayofikiwa kwa karibu kupitia njia ya haja kubwa, hupigwa kwa megahezi 3 hadi 4. Mtu akikutangazia mashine moja inayotibu kila uvimbe mwilini, muulize probu yake ni ya megahezi ngapi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1942 John Lynn na wenzake huko Marekani walieleza jinsi ya kuunguza tishu ya ndani na kuacha ya juu salama, na miaka ya 1950 ndugu wawili, William na Francis Fry, wakalifanyia kazi kwenye ubongo. Kilichokosekana ni macho. Ilipopatikana MRI inayoweza kusoma joto ndani ya mwili kila baada ya sekunde chache, ndipo tiba ikawa salama kiasi cha mamlaka ya dawa ya Marekani kuiidhinisha kwa fibroidi, Oktoba 2004. Vipo pia vituo vingi, hasa China, vinavyoongozwa na ultrasaundi ya kawaida: gharama ni ndogo, lakini hiyo haikuonyeshi joto, inakuonyesha tu weupe unaojitokeza tishu inapobadilika.

Turudi kwenye njia, maana hapa ndipo nataka tukae.

Adui wa kwanza ni hewa. Wimbi likikutana na hewa, karibu lote hurudi lilikotoka. Povu dogo likinaswa kati ya ngozi na jeli, nguvu inajaa pale na ngozi inaungua. Kwa hiyo nywele hunyolewa kuanzia kitovuni hadi mfupa wa kinena, kwa sababu nywele hushika mapovu. Ngozi husuguliwa kwa spiriti kuondoa mafuta ya nazi, losheni na vazelini. Maji ya kwenye kitanda, ambayo wimbi hupitia kutoka kwenye probu hadi kwenye ngozi, lazima yawe yameondolewa gesi. Maji ya bomba yaliyomiminwa tu hayafai. Muuguzi anayeandaa ngozi kwa haraka ndiye anayeamua kama mgonjwa atapata malengelenge, kwa hiyo apewe muda wake.

Utumbo una gesi, na ukuta wake ni mwembamba. Ukilala mbele ya uvimbe, kazi inasimama mpaka usogee. Hapo hujazwa kibofu kwa maji kupitia mpira wa mkojo, hujazwa njia ya haja kubwa kwa jeli, kisha kibofu hutolewa maji: kizazi huinuliwa na utumbo husukumwa pembeni. Usiposogea, mgonjwa huahirishwa. Utumbo uliotoboka ni hatari kwa maisha, na dalili zake zinaweza kujitokeza siku kadhaa baada ya mgonjwa kurudi nyumbani.

Halafu kuna kovu. Mjini hapa akina mama wengi wenye fibroidi wameshapasuliwa wakati wa kujifungua. Kovu hunyonya nguvu kuliko ngozi nzima, na neva zake zilikatwa, kwa hiyo mama anaweza kuungua pale bila kuhisi lolote. Mgonjwa tunayemtegemea aseme “daktari, panachoma” hatasema. Kovu basi hupakwa krimu inayoonekana kwenye MRI, lichorwe kwenye ramani ya matibabu, kisha miale ielekezwe kwa mshazari au kovu lifunikwe kwa kizuizi maalumu. Kovu pana la kutoka juu hadi chini, lililo katikati kabisa ya njia, mara nyingi ni sababu ya kumwambia mama kwamba tiba hii haimfai.

Nyuma ya uvimbe nako kuna hatari. Wimbi haliishii kwenye fokasi. Linaendelea hadi mfupa wa nyonga, na mfupa hunyonya joto haraka. Jirani na mfupa huo zinapita neva za mguu. Madaktari wengi huacha sentimita 4 kati ya fokasi na mfupa. Mgonjwa akisema maumivu yanashuka mguuni, pigo la wimbi linasimamishwa papo hapo. Ndiyo maana halazwi usingizi kamili kwa fibroidi: anapewa dawa ya kumtuliza na ya maumivu, na mkononi anashika kitufe cha kusimamisha mashine.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Mgonjwa hajala tangu usiku. Anawekewa mpira wa mkojo, kwa sababu kibofu kikijaa katikati ya kazi kinahamisha shabaha. Analala kifudifudi, picha zinachukuliwa, mipaka ya uvimbe, utumbo na mifupa inachorwa. Pigo la kwanza ni la nguvu ndogo, la kuhakikisha kwamba joto linatokea pale tulipolenga. Likikosea kwa milimita kadhaa, tunarekebisha. Kisha mapigo ya kweli, kila moja kama sekunde 20, na kati ya pigo na pigo hupumzishwa sekunde 90 hivi.

Mapumziko hayo ndiyo wanaoanza hutamani kuyafupisha. Wasifanye hivyo. Joto la MRI husomwa kwenye protoni za maji, na mafuta hayatoi ishara hiyo. Maana yake mafuta yaliyo chini ya ngozi yanaweza kuwa yanapata moto pigo baada ya pigo na skrini isionyeshe chochote. Muda wa kupoa ndio ulinzi mkubwa wa sehemu ile.

Hesabu ya muda nayo ni muhimu. Tuseme pigo moja linaua kipande chenye upana wa milimita 8 na urefu wa milimita 25, yaani chini kidogo ya sentimita 1 ya ujazo. Fibroidi ya kipenyo cha sentimita 5 ina sentimita za ujazo 65. Yatahitajika mapigo kama 78. Kwa sekunde 110 kila moja pamoja na kupoa, ni karibu saa 2 na nusu. Kipenyo kikiongezeka mara mbili hadi sentimita 10, ujazo unakuwa mara nane, na kwa mwendo ule ule mngekaa saa 19. Mashine zinazozungusha fokasi hupiga eneo kubwa zaidi kwa pigo moja na kupunguza muda, lakini bado fibroidi kubwa sana hupelekwa kwa kisu, au hupunguzwa kwanza kwa sindano za homoni.

Fibroidi zenyewe hazifanani. Kwenye picha ya MRI ya aina ya T2, iliyo nyeusi huungua vizuri. Iliyo nyeupe kuliko msuli wa kizazi ina maji na damu nyingi, damu inaondoa joto, na matokeo huwa hafifu. Kuona rangi hiyo kabla ya kulipa nauli ya ndege kungeokoa pesa na machozi mengi. Mwishoni mwa tiba mgonjwa hudungwa kontrasti, dawa inayoonyesha damu inapofika kwenye picha, na sehemu isiyopata damu ndiyo iliyokufa. Ikifika asilimia 80 na zaidi ya uvimbe, uwezekano wa kurudi hospitali kwa tatizo lile lile hupungua sana.

Na jambo moja linalosahaulika: kisu kinatoa kinyama cha kupeleka maabara, HIFU haitoi. Kama uvimbe unakua haraka, au mama ameshakoma hedhi na uvimbe unaongezeka, usiunguzwe kabla saratani haijaondolewa shaka.

Kwa tezi dume niseme kwa kifupi. Probu hupitia njia ya haja kubwa, puto la maji baridi likilinda ukuta wake. Tezi yenye ujazo unaozidi mililita 40 hivi ni ngumu, kwa sababu sehemu ya mbele haifikiwi. Chembe ngumu za chokaa ndani ya tezi hurudisha wimbi. Baada ya tiba tezi huvimba, kwa hiyo mpira wa mkojo hubaki kwa siku kadhaa. Madhara yapo: njia ya mkojo kuwa nyembamba, mkojo kuvuja, nguvu za kiume kupungua, na mara chache fistula. Idhini ya Marekani ya mwaka 2015 ilisema kuondoa tishu za tezi dume. Haikusema kuponya saratani. Na saratani iliyokwisha kutoka nje ya tezi haitibiki kwa njia hii.

Saratani ikishaingia kwenye mifupa, hata hivyo, HIFU ina kazi ya heshima: kuondoa maumivu. Uso wa mfupa hunyonya joto na neva za utando wake huungua. Katika utafiti uliochapishwa 2014, wenye wagonjwa 147, asilimia 64 ya waliotibiwa walipata nafuu katika miezi mitatu, dhidi ya asilimia 20 ya waliolazwa kwenye mashine bila kupigwa wimbi. Mionzi, kama inayotolewa kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, inabaki chaguo la kwanza. Hii ni kwa yule ambaye maumivu yamerudi baada ya mionzi, ilimradi mfupa hauko karibu kuvunjika na uti wa mgongo uko mbali.

Kuhusu ini: mbavu ziko njiani na pumzi huhamisha shabaha. Kuna njia mpya, histotripsi, inayotumia mapigo mafupi mno yenye shinikizo kubwa. Mapovu hutokea ndani ya uvimbe na kuzisaga seli bila joto. Marekani iliidhinisha kwa vimbe za ini Oktoba 2023. Mapafu, tumbo la chakula na utumbo haviwezekani, kwa sababu ya hewa.

Nimeletewa vikaratasi vya maswali. Dada mmoja anauliza kama ataweza kuzaa. Idhini ya 2004 ilikuwa kwa waliomaliza uzazi. Masharti yalilegezwa baadaye, na wapo waliojifungua baada ya tiba. Lakini kama fibroidi ndiyo inayoziba nafasi ya mtoto, zungumza kwanza na daktari wa upasuaji wa kizazi.

Daktari wa wilaya anauliza aandike nini kwenye fomu ya MRI. Andika: nyonga, T2 kwa pande tatu, na kontrasti kama figo ni nzima. Omba ripoti itaje idadi na vipenyo, rangi ya kila fibroidi ikilinganishwa na msuli, umbali kutoka ngozi hadi ukingo wa nyuma wa uvimbe, umbali hadi mfupa, utumbo uko wapi, na makovu. Ukingo wa nyuma ukizidi sentimita 12 kutoka ngozini, mashine nyingi hazifiki.

La mwisho linahusu kurudi nyumbani. Maumivu kama ya hedhi kwa siku moja mbili ni ya kawaida. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo kuwa gumu au kuvimba, choo cheusi au chenye damu, mkojo kukataa kutoka, mguu kufa ganzi, au ngozi ya tumbo kuwa ngumu na nyekundu: nenda hospitali usiku huo huo, na umwambie daktari wa zamu kwamba ulipigwa HIFU, tarehe gani na sehemu gani, kwa sababu juu ya ngozi hataona jeraha la kumwonyesha.